Mwalimu wa lugha ndani ya simu: kwa nini sauti safi inamfaa mtoto kuliko video

Mtoto anayemaliza shule ya msingi ya serikali amefundishwa karibu kila kitu kwa Kiswahili. Kiingereza kwake kilikuwa somo, si lugha ya kufundishia. Januari inayofuata anaingia kidato cha kwanza, na huko biolojia, fizikia na jiografia vinamsubiri kwa Kiingereza. Wazazi wanaijua vizuri ile miezi ya katikati, baada ya mtihani wa Septemba na kabla ya kuripoti shuleni. Ndiyo miezi ambayo matangazo ya "pre-form one" hubandikwa kwenye kila nguzo ya umeme.

Kwa familia inayoishi Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha kwenye barabara ya kwenda Dodoma, mwalimu anayesifiwa na majirani anaweza kuwa mjini. Hapo kuna nauli ya kwenda na kurudi, hela ya kula mchana, na binti wa miaka 13 anayerudi na daladala giza likiingia. Kwa hiyo mzazi anapouliza kama mwalimu anaweza kuja kwa njia ya simu, hatafuti anasa.

Inawezekana, na kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani, ila mzazi lazima aelewe jambo moja kwanza. Somo la lugha linaweza kwenda vizuri bila video. Haliwezi kwenda bila sauti nzuri.

Hesabu ya bando

Wengi wakisikia "masomo mtandaoni" wanafikiria uso wa mwalimu kwenye kioo cha simu, kisha wanafikiria bando linavyoyeyuka. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inayokula bando ni picha.

Programu nyingi za sasa za kupiga simu kwa intaneti hubana sauti kwa kanuni iitwayo Opus. Ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, na yeyote anaruhusiwa kuitumia bila malipo. Opus inabeba mazungumzo yanayosikika vizuri kwa kilobiti 24 tu kwa sekunde. Ongeza anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha sauti kinachosafirishwa, kama vile barua inavyohitaji bahasha na stempu, unafika kama kilobiti 40. Zidisha mara mbili, maana mwalimu anasema na mtoto anajibu. Kwa saa nzima ni takriban MB 36.

Washa video ya kawaida, ya megabiti moja kwa sekunde kila upande, na saa hiyohiyo inakula kama MB 900. GB moja inayokaribia kuisha kwa somo moja la video ingetosha masomo zaidi ya 25 ya sauti peke yake.

Ukurasa wa kitabu ambao mwalimu anataka mtoto autazame unaweza kutumwa kama picha kabla ya somo, mara moja tu. Video inafaa dakika mbili za mwanzo, kusalimiana na kuonana, na tena pale mwalimu anapotaka kuonyesha ulimi unavyokaa kati ya meno. Baada ya hapo izimwe.

Kwa nini simu ya kawaida haitoshi

Hapa mzazi atauliza: kama ni sauti tu, si mwalimu apige simu ya kawaida kwa dakika za kifurushi?

Simu ya kawaida kwa miongo mingi ilibeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Kiwango hicho kilitosha kumtambua shangazi kwa sauti yake na kupokea habari za msiba. Kwa matamshi hakitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti ya s, f na th iko juu ya mpaka huo. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwa simu analazimika kuongeza "F ya Fatuma" au "S ya Saidi". Sikio linakisia kwa kufuata maana ya sentensi. Mtu mzima anayeijua lugha hakosei sana. Mtoto anayejifunza bado hana cha kukisia nacho.

Mwalimu akisema "think" na "sink" kwenye laini ya namna hiyo, mtoto anasikia neno lilelile mara mbili na anaambiwa ni tofauti. Atajiona mzito wa kuelewa, kumbe tatizo ni waya.

Kiswahili nacho kina mitego hiyohiyo. "Thamani" na "samani" ni mambo mawili, na watu wengi wa bara wanayatamka sawasawa. Mgeni anayejifunza lugha yetu anahitaji kusikia ng'ombe alivyo na ng' yake, na asikie kwamba barabara ya kupita magari mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali "barabara" ya kusema sawasawa mkazo unarudi nyuma. Opus, kwa bando lilelile dogo, inabeba sauti hadi hezi 8,000 na zaidi. Herufi ndogondogo zinarudi mahali pake.

Jambo la pili ni kuchelewa kwa sauti. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa mmoja hadi sikio la mwingine. Ikizidi sana hapo watu huanza kukatana maneno. Kwenye somo la lugha madhara yake ni makubwa kuliko kwenye soga za kawaida, kwa sababu ukimya wa mwalimu una maana. Mtoto amejibu, mwalimu hajasema kitu, basi mtoto anadhani amekosea na anabadilisha jibu. Sekunde moja baadaye ile "vizuri sana" iliyokuwa njiani inafika, na sasa imeangukia kwenye jibu la kosa.

Sikio lilianza na redio

Kufundisha lugha kwa sauti tu si jambo jipya Afrika Mashariki. Miaka ya 1980 Kenya iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi. Redio ilisema sentensi, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, ikaendelea. Zanzibar nayo, katika miaka ya 2000, ilitumia redio ya namna hiyo kwa watoto wadogo, katika mradi uliojulikana kama RISE.

Njia hiyo ilifika mahali ambapo walimu na vitabu ni haba. Kasoro yake inajulikana: redio haikusikii. Mtoto anaweza kurudia kosa lilelile mwaka mzima na redio ikampongeza. Simu ya intaneti inaziba pengo hilo, kwa kuwa upande wa pili kuna mtu mwenye masikio.

Programu huria zilikotoka

Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani aitwaye Mark Spencer alikuwa na kampuni changa na alihitaji mtambo wa simu wa ofisini, ule wa kupokea simu na kuzigawa kwa watu. Bei yake ilimshinda. Akaamua kuandika programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyohiyo, akaiita Asterisk, yaani ile nyota iliyo kwenye vitufe vya simu. Watanzania wanaoanza kutuma pesa kwa *150*00# wanaibonyeza nyota hiyo kila siku.

Spencer aliiachia programu hiyo iwe huria. Maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuichukua, kusoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuitumia bila kulipia leseni. Zilizofuata ni nyingi. Jitsi ilianza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, kwa mkono wa mwanafunzi Emil Ivov kutoka Bulgaria, na jina lake linatokana na neno la Kibulgaria lenye maana ya nyaya. BigBlueButton ilizaliwa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007, ikiwa imekusudiwa darasa tangu mwanzo: ina ubao wa kuandikia, mwanafunzi ananyoosha mkono, na mwalimu anaweza kugawa wanafunzi wawiliwawili wakazungumze pembeni. Kwa somo la lugha, hicho cha mwisho kina faida kuliko mapambo yote mengine.

Je, kuna haja gani ya mzazi kujua kama programu ni huria au si huria, maadamu inaita?

Jibu liko kwenye historia ya Skype. Ilianza mwaka 2003, na kwa miaka mingi walimu wa lugha dunia nzima walijenga kazi zao juu yake, kiasi kwamba "somo la Skype" likawa jina la kazi. Skype haikuwa huria. Microsoft iliinunua mwaka 2011, na Mei 2025 ikaifunga. Watumiaji walielekezwa kwenye programu nyingine ya kampuni hiyohiyo, na kila mwalimu aliyebaki pale akalazimika kuwahamisha wanafunzi wake. Programu huria hata waanzilishi wake wakichoka, nakala zake zinabaki mikononi mwa watu na wengine wanaweza kuiendeleza.

Isieleweke kwamba huria maana yake ni bure kabisa. Programu ni ya bure, seva si ya bure. Seva ni kompyuta inayokaa macho saa 24 ikiwaunganisha watu, na kuna kodi ya mwezi na mtu wa kuitunza. Asiyeisasisha anawaachia wezi mlango wazi. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi watatu hana sababu ya kujitwisha mzigo huo. Kituo cha masomo chenye walimu sita na kijana anayezifahamu kompyuta, hapo hesabu inaanza kulipa.

Kwa familia ya kawaida, njia nyepesi ni kutumia seva ya wazi ya Jitsi yenyewe. Tangu Agosti 2023 anayefungua chumba pale lazima aingie kwa akaunti yake ya Google, Facebook au GitHub, na huyo anaweza kuwa mwalimu au mzazi. Mtoto anabonyeza tu linki aliyotumiwa, bila akaunti yoyote, na hiyo kwa mzazi ni nafuu kubwa. Tena wakiwa wawili tu, programu hujaribu kuunganisha simu zao moja kwa moja, bila sauti kupita kwenye seva. Mitandao ya simu za mkononi wakati mwingine hulizuia hilo, lakini likifanikiwa tofauti inasikika.

Umbali wa seva

Somo kati ya mwalimu aliye Njiro na mtoto aliye Kisongo linaweza kusafiri hadi Ulaya na kurudi, kwa sababu tu seva iko huko. Kabla ya mwaka 2009 hali ilikuwa mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya dunia, na sauti kupanda na kushuka mara moja tu ilichukua karibu robo sekunde. Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, ndipo kuzungumza kwa intaneti kulipoanza kufanana na kuzungumza.

Kebo nazo hukatika. Mei 12, 2024 zote mbili ziliharibika siku moja na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hizo somo linalotegemea seva ya ng'ambo linakwama, hata kama mwalimu na mwanafunzi wanaishi mtaa mmoja. Seva iliyo hapa nchini ingeweza kuendelea. Arusha ina kituo chake cha kubadilishana data kati ya watoa huduma, AIXP, kilichowekwa ili trafiki ya Arusha ibaki Arusha. Shule binafsi au kituo cha masomo kinachopanga kuwa na seva yake kingeuliza kuhusu hilo kabla ya kulipia seva ya mbali kwa sababu tu tangazo lake linavutia.

Kwa mwenye kitochi

Si kila nyumba ina simu janja, na palipo nayo mara nyingi ni moja, ya baba, na baba yuko safarini. Asterisk na programu ndugu zake zina uwezo ambao haujatumika vya kutosha kwenye elimu ya huku kwetu: mtu anapiga namba ya kawaida kwa kitochi, anasikia somo lililorekodiwa, anabonyeza 1 kurudia au 2 kuendelea, anarekodi jibu lake, na mwalimu analisikiliza baadaye. Nchini Zimbabwe taasisi ya Kubatana ilitengeneza mfumo huria wa aina hiyo uitwao Freedom Fone, ili watu wapate habari kwa kusikiliza bila intaneti.

Sauti yake itakuwa ile nyembamba iliyoelezwa juu, kwa hiyo haifai kunyoosha matamshi ya th na s. Inafaa msamiati, hadithi fupi na mazoezi ya kusikiliza. Na anayetaka kuunganisha mtambo wake na namba za simu za kawaida ajue kwamba eneo hilo lina msimamizi, TCRA, na atahitaji makubaliano na kampuni ya simu. Hiyo ni kazi ya taasisi, si ya mwalimu wa tuisheni.

Chumba kina funguo

Suala la usalama lisiachwe kwa mwalimu. Jina la chumba likiwa jepesi, kama "kiingereza1", mtu mwingine yeyote anaweza kuliandika akajikuta ndani. Chumba kiwe na jina refu lisilokisika, nywila, na sehemu ya kusubiria ili mwalimu amkubali kila anayeingia. Simu iwe sebuleni au jikoni, mahali watu wanapita, na wiki za mwanzo mtoto atumie spika ili mzazi asikie. Baadaye apewe hedifoni, maana ndizo zinazomsaidia kusikia herufi vizuri.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba somo la watu watatu au zaidi kwenye Jitsi hupita kwenye seva, na huko mwenye seva ana uwezo wa kulisikia, isipokuwa ulinzi wa ziada umewashwa. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amebaki na ufunguo. Mzazi ana haki ya kuuliza seva ni ya nani, iko wapi, na kama somo linarekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kituo kinachorekodi masomo ya watoto bila idhini ya mzazi kisitetewe kwa kuwa eti kinafundisha vizuri.

Lugha inayotoka Kisongo

Mazungumzo haya yote yamekuwa juu ya mtoto anayepokea lugha. Kisongo pia ina lugha ya kutoa. Ndege ndogo za kwenda Serengeti huruka kutoka kiwanja cha ndege cha Arusha kilicho papo hapo, na familia nyingi za eneo hili zinaishi kwa utalii, kazi inayonyauka mvua za masika zikianza. Nyumba hizohizo zina watu wanaozungumza Kiswahili kizuri, Kimaa na Kiingereza.

Wageni wanaotaka Kiswahili wapo. Usa River, upande wa pili wa jiji, chuo cha MS-TCDC kimewafundisha kwa miongo mingi. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, lugha inatajwa mahali pengi zaidi. Na wapo watoto wa Kitanzania waliozaliwa Ujerumani au Marekani ambao wakimpigia bibi wanaishia kwenye "shikamoo" na kicheko. Somo la nusu saa kwa wiki na shangazi aliye Kisongo, kwa sauti safi, linaweza kurudisha mengi.

Anayetaka kuifanya kazi ya kulipwa asidhani kwamba kuzaliwa na lugha kunatosha. Kueleza kwa nini ni "kitabu changu" lakini "kalamu yangu" ni kazi ya kujifunza, na mgeni ataliuliza hilo siku ya kwanza. Atafute mafunzo, na aulizie BAKITA kuhusu walimu wa Kiswahili kwa wageni. Kwa upande wa vifaa, simu na hedifoni yenye maiki vinatosha kuanzia, pamoja na chumba chenye pazia na godoro, kwa kuwa kuta tupu hurudisha mwangwi. Ndege zikipita juu, anasubiri.

Ratiba nayo inataka uangalifu. Saa mbili usiku Arusha ni saa kumi na mbili jioni Ujerumani wakati wa baridi, na ni saa moja jioni huko wakati wa kiangazi, kwa sababu Wajerumani husogeza saa zao nasi hatusogezi. Tena mwanafunzi anayeanza hajajua kwamba saa mbili ya Mswahili ni saa nane kwenye saa yake ya mkononi. Mwalimu aandike muda kwa namna zote mbili kwenye ujumbe wa kuthibitisha somo, la sivyo mmoja atakuwa ndani ya chumba peke yake akisema "haloo, haloo" saa sita kabla ya mwenzake.